Oksitosini: je, ni homoni ya mapenzi?

Oksitosini ni homoni inayotengenezwa katika ubongo. Ndiyo inayokaza mfuko wa uzazi wakati wa uchungu na kushusha maziwa mtoto anaponyonya. Sifa ya "homoni ya mapenzi" imeipata kwa panya wa mbuga za Marekani ya Kaskazini, ambao dume na jike hushikamana na kulea watoto pamoja. Jamaa zao wa milimani hawana tabia hiyo. Mwaka 1992 watafiti walionesha kuwa vipokezi vya oksitosini vya aina hizi mbili vimekaa sehemu tofauti za ubongo.

Ndugu msomaji, sifa hiyo imepita kiasi. Mwaka 2023 ilitangazwa kuwa panya wa mbugani waliozaliwa bila vipokezi hivyo, baada ya watafiti kuiharibu jeni yake kwa makusudi, bado walishikamana na wenza wao. Basi mume anayetelekeza familia kwa kisingizio cha homoni hana shahidi hata kwa panya. Kwa watu, majaribio ya kupuliza oksitosini puani yametoa majibu yanayopingana, kwa hiyo asidanganywe mtu kununua chupa ya "kurudisha mapenzi". Penye uhakika ni hospitalini: sindano yake hupewa mzazi mara tu baada ya kujifungua, ili asitokwe na damu nyingi.