Mashine ya kukohoza: Kinga ya mapafu misuli inapodhoofika

KATIKA mitaa ya Kibera na Kawangware jijini Nairobi, kikohozi huogopwa kwa sababu ndicho dalili inayojulikana zaidi ya kifua kikuu. Lakini upo ugonjwa ambao hatari yake ni kinyume cha hiyo: mgonjwa hukosa nguvu za kukohoa.

Huo ni ugonjwa wa niuroni za mwendo, ambapo neva zinazopeleka amri za ubongo kwenye misuli hufa. Mikono na miguu hulegea, ulimi huwa mzito na hatimaye misuli ya kupumua hudhoofika. Mwanafizikia Stephen Hawking wa Uingereza aligunduliwa kuwa nao mwaka wa 1963, akafariki 2018. Maisha marefu kiasi hicho ni nadra. Wengi hufariki miaka 2 hadi 5 baada ya dalili kuanza, mara nyingi kwa kushindwa kupumua. Ugonjwa huu hauambukizi, na tiba ya kuuponya haijapatikana.

Kikohozi hufanyaje kazi?

Kikohozi kamili kina hatua 3. Mtu huvuta pumzi ndefu. Koo hujifunga huku misuli ya kifua na tumbo ikikaza. Kisha koo hufunguka ghafla na hewa kufyatuka pamoja na makohozi. Misuli ikidhoofika, makohozi husalia mapafuni, mgonjwa hupaliwa na mate yake mwenyewe, na mafua madogo huweza kugeuka nimonia.

Nguvu za kikohozi hupimika. Kifaa ambacho wenye pumu hupuliza ili kupima pumzi, kikiunganishwa na barakoa, huonyesha kasi ya hewa. Ikiwa chini ya lita 270 kwa dakika, mgonjwa yumo hatarini apatapo maambukizi ya kifua. Chini ya lita 160, kikohozi hakifui dafu.

Mashine yenyewe

Mashine ya kukohoza hushika nafasi ya misuli iliyochoka. Kupitia barakoa inayofunika mdomo na pua, husukuma hewa mapafuni, kisha ghafla huifyonza, nayo makohozi yakapanda. Shinikizo huongezwa polepole, na kwa watu wazima wengi hufikia takriban sentimita 40 za maji, katika kusukuma na katika kufyonza.

Wazo hili si geni. Dkt Alvan Barach na wenzake nchini Marekani walitumia mashine ya aina hiyo miaka ya 1950, wakati polio ilipokuwa ikilemaza misuli ya kupumua. Baadaye iliachwa, ikarejea miaka ya 1990.

Hata hivyo, haimfai kila mgonjwa. Aliyewahi kupasuka pafu hana budi kuchunguzwa na daktari kwanza. Naye ambaye misuli ya koo imelegea mno huenda asinufaike, kwa kuwa koo laweza kujifunga mashine ikiendelea kufanya kazi.

Mikono kwanza

Mashine hii ni ghali na hutaka umeme. Katika nyumba za mabati ambako stima hupotea mara kwa mara, isiyo na betri huweza kumwacha mgonjwa bila msaada usiku wa manane. Lakini kukosa mashine si kukosa kila kitu.

Mwongozo uliotolewa Uingereza mwaka wa 2016 hauanzi na mashine. Huanza na mgonjwa kujaza pumzi juu ya pumzi bila kutoa, au mlezi kumsukuma sehemu ya juu ya tumbo, chini ya mbavu, kwa ndani na juu, papo hapo anapokohoa. Hatua ifuatayo ni mfuko wa kubonyezwa kwa mkono wenye vali ya kuzuia hewa isirudi. Mashine hufikiriwa mbinu hizo zisipotosha, au maambukizi ya kifua yanapozuka.

Mbinu hizi hufunzwa na mtaalamu wa tiba ya viungo, na hazifanywi mara tu baada ya mlo. Hospitali za Mbagathi na Kenyatta hazipo mbali na Kibera, nao wahudumu wa afya ya jamii wanaozuru nyumba kwa nyumba wanaweza kumwelekeza mlezi mapema.

Dalili za kuripotiwa ni kikohozi kilichofifia, kupaliwa kila mara, kushindwa kulala chali na kuamka na maumivu ya kichwa. Vipimo vya kifua kikuu visipoonyesha kitu, dalili hizo zisipuuzwe. Dawa za kuzima kikohozi zisinunuliwe kiholela, kwani humpokonya mgonjwa kinga ndogo aliyosalia nayo. Moshi wa jiko la makaa nao uepushwe chumbani anamolala.