Pentosani: dawa ya maumivu sugu ya kibofu

Pentosani polisalfeti, ijulikanayo kibiashara kama Elmiron, ni dawa ya kumeza ya kutuliza maumivu ya kibofu yanayodumu bila ya kuonekana maambukizi. Iliidhinishwa nchini Marekani mwaka 1996 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2017.

Inavyofanya kazi

Inadhaniwa kwamba dawa hiyo huziba mapengo katika utando wa ndani wa kibofu, ili mkojo usiuchome ukuta wake. Kipimo cha kawaida ni miligramu 100 mara tatu kwa siku, tumbo likiwa tupu. Haitulizi papo hapo. Nafuu yaweza kuchukua miezi mitatu hadi sita.

Tahadhari

Dawa hiyo huipunguzia damu uwezo wa kuganda, kwa hiyo anayetumia aspirini hana budi kumweleza daktari. Mwaka 2018 madaktari wa Atlanta, Marekani, waliripoti wagonjwa sita walioitumia kwa miaka mingi na kuharibika retina ya jicho. Onyo kuhusu macho liliongezwa kwenye maelezo ya dawa nchini humo mwaka 2020. Macho yapimwe kabla ya kuanza na wakati wa matibabu.

Kwanza kichocho

Kwa mtu wa Afrika Mashariki, pentosani si dawa ya kukimbilia. Kichocho cha mkojo, kinachopatikana Unguja, Pemba na pwani ya bara, nacho huleta maumivu ya kibofu, haja ndogo ya mara kwa mara na damu katika mkojo. Pentosani haiui minyoo yake. Prazikwanteli huiua, kwa kawaida kwa dozi moja. Kikiachwa kwa miaka mingi, kichocho chaweza kuleta saratani ya kibofu.

Ugenini

Tahadhari hiyo inawahusu pia wafanyabiashara wa Kiafrika wanaofika katika jengo la Tianxiu, namba 300, Barabara ya Huanshi Zhonglu mjini Guangzhou, Uchina. Kichocho cha Uchina ni cha aina nyingine: hushambulia ini na matumbo, wala si kibofu, na mkoa wa Guangdong ulitangaza kukitokomeza mwaka 1985. Daktari wa huko huenda asikifikirie kile cha mkojo.

Mgonjwa na amweleze alikokulia na maji aliyoogelea utotoni, kisha aombe mkojo wake upimwe mayai ya kichocho. Minyoo hiyo yaweza kuishi mwilini kwa miaka mingi baada ya mtu kuhama kwao.