Ufunguo Mmoja, Ploti Nzima

Kwa ploti yetu ufunguo wa choo na wa bafu ni huo huo mmoja. Jirani akienda kuoga nao, na wewe umebanwa, utangoja tu, hata kama choo chenyewe hakina mtu. Linux iliishi hivyo karibu miaka 15.

Linus Torvalds alipoianza kule Helsinki mwaka 1991, aliiandikia kompyuta yake yenye prosesa moja. Mashine za prosesa mbili zilipoanza kupatikana, Alan Cox wa Uingereza alibeba sehemu kubwa ya kazi ya kuifundisha kerneli kuzitumia. Toleo la 2.0 likatoka Juni 1996, na dawa yao ilikuwa kufuli moja kubwa: prosesa ikitaka kuingia ndani ya kerneli, ishike kufuli, zingine zisubiri nje.

Watu huicheka hiyo mbinu. Mimi siicheki. Kodi yote ilikuwa imeandikwa kwa kuamini hakuna mwingine anayegusa data. Ukiigawa kwa makufuli mia usiku mmoja, asubuhi hakuna mashine itakayowaka. Na programu inayopiga hesabu zake bila kuisumbua kerneli haikuumia.

Seva ndizo ziliumia. Aprili 1999 kampuni ya Mindcraft, ikilipwa na Microsoft, ilishindanisha Linux na Windows NT kwa mashine ya prosesa nne. NT ikashinda mara 3.7 kwa kazi ya wavuti. Wapenzi wa Linux walipiga kelele kuhusu nani alilipa (na walikuwa na haki), lakini jaribio liliporudiwa, NT ilishinda tena. Kazi ya mtandao ndani ya Linux ilikuwa bado inapita mlango mmoja, prosesa nne zikipanga foleni. Toleo la 2.4, Januari 2001, likaurekebisha mlango huo.

Sasa, mbona kufuli kubwa lenyewe lilibaki miaka kumi zaidi? Kwa sababu ya tabia zake. Aliyelishika angeweza kulishika tena bila kukwama. Akisinzia nalo, kerneli inamnyang'anya kimyakimya, akiamka inamrudishia. Ni kama jirani alale bafuni, uchukue ufunguo, uende haja zako, umrudishie mkononi kabla hajafumbua macho. Kodi nyingi ilizoea hiyo huruma bila kuisema popote. Ukisoma mstari unaoshika kufuli, hauambiwi linalinda nini hasa.

Mwaka 2008 Ingo Molnar alianzisha kampeni ya kuliua. Ilibidi watu wapite faili kwa faili wakiuliza: hapa tunaogopa nini? Mara nyingine jibu lilikuwa hakuna kitu. Kufuli liliwekwa tu, likasahaulika. Arnd Bergmann ndiye aliyemaliza mabaki, na toleo la 2.6.39 likatoka Mei 2011 bila hilo kufuli. Draiva kadhaa za zamani, ambazo hakuna aliyejitokeza kuzirekebisha, zilisukumwa kando zingoje kufutwa.