Rili kuukuu ya kuvulia samaki

Rili ni kifaa cha kukunjia mshipi wa kuvulia. Hufungwa kwenye fimbo na kuzungushwa kwa mkono. Makala haya yanahusu rili za zamani, za chuma na shaba, na namna zinavyosafishwa, kutengenezwa na kutiwa mshipi mpya katika mazingira ya Nkuhungu, kata ya Jiji la Dodoma ambayo haina ziwa wala mto wa kudumu. Anayetaka kuvua kutoka hapa huenda bwawa la Hombolo, umbali wa takriban kilomita 40, au husafiri kwa barabara ya Iringa hadi Mtera, bwawa lililojengwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu na ambalo tangu 1988 huendesha mitambo ya umeme ya megawati 80. Samaki wa huko ni perege na kambale. Wavuvi wa riziki hutumia nyavu, au mshipi wa mkono uliokunjwa kwenye kijiti au chupa ya plastiki, na hawana haja ya rili. Mwenye rili kwa kawaida ni mvuvi wa mapumziko, na rili yake hukaa kabatini siku nyingi kuliko inavyokaa majini.

Hapo ndipo tofauti na pwani inapoanzia. Rili ya Mafia au Pemba, inayotumika kurambaza jodari baharini, huuawa na chumvi. Ya Dodoma huuawa na vumbi la kiangazi na grisi iliyokauka. Vumbi likichanganyika na grisi ya zamani huwa msasa: kila ukizungusha mkono wa rili, meno ya giya yanajisaga. Ndiyo maana ushauri wa kuongeza mafuta tu juu ya uchafu, ambao hutolewa sana, ni mbaya kuliko kuiacha rili kavu.

Kifaa chenyewe ni cha kale. Mchoro wa Mchina Ma Yuan, wa mwaka 1195 hivi, unamwonyesha mvuvi akiwa na fimbo yenye rili. Rili ambayo bobini yake, yaani gurudumu linalokunjiwa mshipi, imetulia huku mshipi ukizungushiwa na waya wa pembeni ilipewa hataza Uingereza mwaka 1905 kwa jina la Alfred Illingworth, mwenye kiwanda cha nguo. Kampuni ya ABU ya Svängsta, Sweden, ilianza mwaka 1921 kama kiwanda cha saa kabla ya kugeukia rili, na Mitchell za Ufaransa zilitengenezwa Cluses, mji wa mafundi saa. Ukifungua rili hizi unaona asili hiyo: skrubu ndogo, springi nyembamba, vijino vya shaba vilivyochongwa kwa usahihi. Kwa hiyo, pasipo duka la vipuri vya uvuvi, mtu wa kumwendea ni fundi saa au fundi cherehani. Fundi pikipiki ana nguvu ya mkono iliyozidi mahitaji.

Kazi ya kufungua huharibika zaidi kwa haraka kuliko kwa ujinga. Bisibisi iwe ya saizi ya mfereji wa skrubu, maana kichwa kikishachakaa hakitoki tena bila kutobolewa. Kila kipande kiwekwe kwenye trei ya mayai kwa mfuatano wa kutolewa, kitundu kimoja kipande kimoja, na kila hatua ipigwe picha kwa simu. Springi ya kijino kinachozuia rili kurudi nyuma huruka pale tu kifuniko kinapoachia, hivyo kifuniko kifunguliwe ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Vipande vya chuma na shaba vilowekwe kwenye mafuta ya taa usiku kucha, visuguliwe kwa mswaki, vifutwe na kuachwa vikauke. Petroli isitumike, kwani huyeyusha baadhi ya plastiki. Kutu ya kijani kwenye shaba hutoka kwa maji ya ndimu, mradi kipande kisuuzwe mara moja.

Wakati wa kurudisha, grisi huwekwa kwenye meno ya giya peke yake, tena utando mwembamba. Beringi na ekseli hupewa tone moja la mafuta ya cherehani, yanayopatikana duka lolote la mtaani.

Sehemu inayostahili subira zaidi ni breki, yaani rundo la wosha zinazoruhusu mshipi utoke samaki anapovuta. Wosha za chuma hupishana na za manyoya yaliyogandamizwa, za ngozi au za kaboni. Breki iliyokazwa na kuachwa hivyo miaka kadhaa hubana wosha laini hadi zikawa ngumu, na kambale akivuta, breki hushika, kisha huachia kwa mshtuko, kisha hushika tena. Mshipi hukatika kwenye mshtuko huo. Wosha ya ngozi si lazima iagizwe nje: fundi viatu anaweza kuikata kwenye ngozi nyembamba ya unene ule ule, ikalowekwa mafuta kabla ya kufungwa. Breki hurekebishwa kwa mizani ya kuning'iniza: kwa mshipi wa kubeba kilo 8, ianze kuachia kwenye kilo 2 hadi 2.7. Baada ya kuvua ilegezwe kabisa.

Springi ya waya wa kudakia mshipi ndiyo huvunjika mara nyingi. Fundi mzuri hukunja nyingine kwa waya wa gitaa. Kwenye rili zenye kigawa mshipi kinachokwenda kushoto na kulia, kipande cha kuangaliwa ni kijino cha shaba kinachotembea kwenye mhimili wenye mifereji. Kikilika, kibadilishwe kabla hakijala mhimili, ambao ni ghali na mgumu kuupata.

Mshipi wa nailoni uliokaa juani, na jua la Dodoma halina utani, hufifia rangi na kukatika kwenye fundo. Utupwe, lakini ukatwe vipande vifupi kwanza, kwa sababu uliotupwa mzima huviringika miguuni mwa mbuzi na ndege. Kabla ya kutia mpya, kumbuka kuwa uwezo wa bobini hupungua kwa mraba wa unene wa mshipi: inayobeba mita 200 za milimita 0.30 hubeba mita 112 tu za milimita 0.40.

Mshipi wa kusukwa huteleza kwenye chuma kitupu, kwa hiyo mizunguko ya chini iwe ya nailoni. Kwenye rili ya bobini inayozunguka, kibunda cha mshipi mpya hupitishwa penseli kikazunguke nacho. Kwenye bobini iliyotulia, kibunda hulazwa sakafuni, mtu akazungusha mara kumi na tano hivi, kisha akaulegeza mshipi. Ukijisokota, kibunda kigeuzwe upande wa pili. Kosa la kutogeuza kibunda ndilo hufanya watu waitukane rili nzima. Mshipi ubanwe kwa kitambaa chenye unyevu unapoingia, la sivyo mizunguko ya juu itazama kati ya ya chini samaki akivuta. Ujazo uishie milimita 2 au 3 chini ya ukingo: ukipungua hurushi mbali, ukizidi humwagika vitanzi.

Rili iliyopasuka ukingo wa bobini au iliyolika giya kuu haistahili gharama ya kutengenezwa. Ihifadhiwe kwa ajili ya vipuri vyake.