Ugonjwa wa bronzi

Ugonjwa wa bronzi ni kutu inayoendelea kula sarafu za kale, zikiwemo za Roma, hata baada ya kufukuliwa. Kloridi iliyojificha chini ya ganda hukutana na unyevu na oksijeni, ikazaa unga wa kijani mpauko pamoja na asidi inayoitafuna shaba upya.

Kupaka nta ya kinga mapema, kabla ya kuondoa kloridi hiyo, ni kumfungia mwizi ndani.

Kwa hiyo sarafu hulowekwa kwanza katika myeyusho wa seskwikarbonati ya sodiamu kwa wiki kadhaa, pengine miezi, myeyusho ukibadilishwa mara kwa mara. Siki, kimbilio la wasio na subira, hung'oa hata ganda lenye thamani. Baada ya kukaushwa, sarafu hutiwa benzotriazoli, kemikali ya kuzuia kutu iliyopendekezwa na mhifadhi Madsen mwaka 1967. Kemikali hiyo ina sumu, hivyo glavu ni lazima. Nta hufuata mwishoni, na sarafu huhifadhiwa pakavu.