Taragoni si Dawa ya Malaria

Kila Mei inaporudi, nakumbuka ile safari ya Antananarivo. Mei 8, 2020, Profesa Palamagamba Kabudi, wakati huo Waziri wa Mambo ya Nje, alipokea huko shehena ya kinywaji cha mitishamba cha Madagascar. Siku chache kabla, Rais John Magufuli alikuwa ametangaza akiwa Chato kwamba atatuma ndege ikachukue. Rais Andry Rajoelina alikizindua Aprili kwa kukinywa hadharani, na Shirika la Afya Duniani likataka kwanza ushahidi wa majaribio kwamba kinatibu korona. Ndani yake mlikuwa na artemisia.

Tangu hapo, jani lolote la ukoo huo hupewa sifa za ndugu yake. Taragoni nayo imo, ingawa kazi yake ni jikoni.

Kwa Wafipa wanaosoma Biblia ukoo huu si mgeni: nyota chungu ya kitabu cha Ufunuo inaitwa Pakanga, na pakanga ni artemisia inayoota yenyewe nyanda za juu. Taragoni ni nyingine. Waarabu huiita tarkhun. Jina lake la kitaalamu lina maana ya joka dogo, na kwa sababu mizizi yake hujiviringa, Wazungu wa zamani walisadiki inatibu kuumwa na nyoka. Haitibu. Wafaransa wakaitia kwenye siki, kuku na mayai, ikatulia hapo.

Ya malaria ni artemisia annua. Mwaka 1967, vita vya Vietnam vikiendelea, China ilianzisha Mradi 523 kutafuta dawa. Tu Youyou, mtafiti wa mradi huo, anasimulia kwamba dondoo zake zilikuwa zikifaulu leo na kushindwa kesho, hadi aliporudia kitabu cha mganga Ge Hong cha karne ya 4. Mganga yule aliagiza jani liloweshwe, likamuliwe, maji yake yanywewe. Hakutaja kuchemsha! Tu akashuku kwamba moto ndio unaoharibu, akatumia etha, inayochemka kwenye nyuzi 35 tu. Oktoba 1971 dondoo hilo likaponya panya wote wa majaribio. Mwaka uliofuata akalinywa mwenyewe kwanza, kabla ya wagonjwa. Nobeli ikamfikia 2015.

Na sisi? Tunachemsha sufuria nzima ya majani na kuita dawa, wakati dawa mseto, iliyotokana na kazi ile, imo zahanati tangu mwishoni mwa 2006. Shirika la Afya Duniani halikubali chai hiyo kwa malaria: kipimo chake hakijulikani, na dozi pungufu huwazoesha vimelea dawa.

Kwa anayetaka kuotesha taragoni hapa Laela: ile ya Kifaransa haizai mbegu, hugawanywa mizizi. Ukiuziwa pakiti ya mbegu, humo mna ya Kirusi, isiyo na ladha ya maana. Tafuna jani: la Kifaransa hunukia kama shamari na kuacha ganzi kidogo ulimini. Homa ikipanda, nenda ukapime.