Bayonne hadi Bermeo: Meza ya Wabaski na Bahari za Mbali

Kutoka Bayonne, kusini-magharibi mwa Ufaransa, hadi Bermeo, kaskazini mwa Hispania, gari linaloshika barabara kuu ya kulipia hufika kwa saa mbili hivi. Msafiri wa namna hiyo atakuwa amefika, ila hatakuwa ameona kitu. Njia yenye maana ni ile ya zamani inayoandamana na ufuko, kona baada ya kona, ikipita bandari ndogo za Wabaski, watu ambao lugha yao haina ndugu anayejulikana duniani na ambao nchi yao imekatwa vipande viwili na mpaka wa mataifa hayo. Nyuma yao ni milima, mbele yao Ghuba ya Biscay na mawimbi yake, na katikati ardhi tambarare ni haba. Kwa hiyo walikwenda baharini, tena mbali. Chakula wanachojivunia leo, kinachowavuta wageni kutoka kila pembe, kimetokana na safari hizo na wageni waliohamia kwao zaidi kuliko mashamba yao.

Bayonne inalitangaza jambo hilo waziwazi, kwa chokoleti. Ufundi wa kusaga kakao uliletwa mjini mwanzoni mwa karne ya 17 na Wayahudi waliokimbia mateso ya Kanisa huko Hispania na Ureno. Hawakuruhusiwa kukaa ndani ya kuta za mji, wakapewa kitongoji cha Saint-Esprit, ng'ambo ya mto Adour. Huko walisaga kakao juu ya mawe, wakauza, na wenyeji wakajifunza kwao. Katika karne ya 18 wanafunzi hao wakaunda chama cha mafundi, wakajaribu kuwazuia walimu wao kufanya biashara hiyo. Maduka ya chokoleti yaliyopangana leo katikati ya mji yanapendeza sana, na ni vizuri anayenunua ajue nani alianza.

Kilomita chache kuelekea milimani, katika kijiji cha Espelette, mashada ya pilipili nyekundu huanikwa kwenye kuta za nyumba kila vuli. Mmea wenyewe ni wa Amerika ya Kati na Kusini. Leo jina la pilipili hiyo linalindwa kisheria, na Mbaski wa upande wa Ufaransa huitia karibu katika kila chungu.

Biarritz tuipite haraka. Ilikuwa kijiji cha wawinda nyangumi mpaka Malkia Eugénie, mke wa Napoleon III, alipopapenda na kujengewa kasri ufukoni katika miaka ya 1850. Tangu hapo ni mji wa matajiri wanaopunga upepo, na kasri limekuwa hoteli. Saint-Jean-de-Luz inastahili kituo kirefu zaidi. Katika kanisa lake, Juni 9, 1660, Louis XIV alimwoa Maria Theresa, binti wa mfalme wa Hispania. Ndoa hiyo ilitimiza mkataba wa amani uliotiwa saini mwaka uliotangulia kwenye Kisiwa cha Faisan, kipande kidogo cha ardhi katikati ya mto Bidasoa, kilomita chache kutoka hapo. Kisiwa hicho hadi leo ni mali ya nchi zote mbili kwa zamu: Hispania hukishika kuanzia Februari hadi Julai, Ufaransa miezi sita inayobaki. Hakuna anayeishi pale. Nyumba za fahari zilizopokea harusi ile zilijengwa kwa mali ya bahari: nyangumi, na maharamia wenye kibali cha mfalme waliopora merikebu za adui.

Ukishavuka mpaka, usikimbilie Donostia, mji ambao Wahispania huuita San Sebastián. Simama kwanza Pasaia. Ni mlango mwembamba wa bahari kati ya milima miwili, nyumba zimebanana kwenye kingo zote mbili, na watu huvuka kwa boti ndogo. Kama ningeulizwa mahali pamoja pa kuielewa pwani hii, ningetaja hapa.

Kwa karne nyingi Wabaski walimvizia nyangumi kutoka nchi kavu. Mlinzi aliyekaa kwenye mnara kilimani akiona maji yakirushwa juu, alitoa ishara, mashua zikakimbizana, chusa zikatupwa. Nyangumi waliyemfuata alikuwa mnene, mzito wa mwendo, na akifa huelea, jambo lililomponza. Mafuta yake yaliwasha taa za Ulaya. Nyama yake ilihesabiwa kuwa samaki, hivyo Wakristo waliruhusiwa kuila wakati wa Kwaresima. Mingi ya miji hii inamchora mpaka leo katika nembo zake. Kisha, kufikia miaka ya 1530, walianza kuvuka Atlantiki kila mwaka na kumwinda katika mwambao wa Labrador, Kanada ya leo. Walijenga matanuri ya kuyeyusha mafuta ufukoni, wakajaza mapipa, wakarudi kabla barafu haijawafungia.

Jambo hili lilikuwa karibu limesahaulika. Aliyelifufua ni mwanamke mmoja, Selma Huxley Barkham, mjane mwenye watoto wanne, mzaliwa wa Uingereza aliyekuwa raia wa Kanada. Alihamia nchi ya Wabaski katika miaka ya 1970, akajifunza kusoma mwandiko wa karne ya 16, na kupekua hati za mashauri, bima na wosia mpaka akajua bandari zipi za Labrador zilitumiwa na merikebu zipi zilizama. Mwaka 1978 wapiga mbizi wa Kanada walishuka mahali alipopaonyesha, Red Bay, wakakuta chini ya maji mabaki ya merikebu inayoaminika kuwa San Juan, iliyoundwa Pasaia na kuzamishwa na dhoruba mwaka 1565 ikiwa imesheheni mapipa ya mafuta. Baridi ya maji ilikuwa imeihifadhi mbao kwa mbao. Katika karakana ya Albaola, palepale Pasaia, mafundi wameiunda upya kwa mti wa mwaloni na zana za zamani, mbele ya macho ya wageni.

Na chakula? Merikebu hizo zilipakia mapipa ya sagardo, pombe ya matufaha, kwa sababu maji huoza safarini na sagardo haiozi upesi. Inasemekana pia iliwakinga mabaharia na kiseyeye. Nyumba za kutengenezea sagardo bado zipo vijijini nyuma ya Donostia, na kuanzia Januari hadi Aprili hufungua milango: watu hula wakiwa wamesimama, na chakula cha kwanza mezani ni kimanda cha mayai na bakalao. Bakalao ni samaki wa maji baridi, na hapatikani kwa wingi katika Ghuba ya Biscay. Wabaski walimfuata Newfoundland, katika bahari zilezile za nyangumi, wakamtia chumvi na kumkausha ili afike nyumbani. Upishi wao maarufu wa samaki huyo unahitaji mafuta ya zeituni, kitunguu saumu, pilipili na mkono usiochoka. Chombo husukwasukwa taratibu juu ya moto mdogo mpaka utomvu wa ngozi ya samaki ushikane na mafuta na kuwa mchuzi mzito wa rangi ya maziwa. Hakuna unga wala maziwa ndani yake.

Donostia ilichomwa moto Agosti 31, 1813. Majeshi ya Uingereza na Ureno, yaliyokuja kuukomboa mji kutoka kwa Wafaransa, yaliuteka, yakaupora na kuuteketeza. Mtaa mmoja ulisalimika, na sasa unaitwa kwa tarehe hiyo. Ndio mtaa ambao wageni leo wanapanga foleni kununua keki ya jibini yenye uso ulioungua. Migahawa ya mji huu imeandikwa sana, na sina haja ya kuongeza. Niseme tu kwamba mizizi ya sifa hiyo iko pia katika vyama vya mapishi vya karne ya 19, ambamo wanaume walikutana kupikiana huku wake zao wakizuiwa mlangoni. Vingi vimelegeza sharti hilo, ingawa kwa shingo upande.

Kitafunwa kimoja cha Donostia sharti kitajwe. Huitwa Gilda, jina la filamu ya Marekani ya mwaka 1946 aliyoigiza Rita Hayworth. Ni kijiti kilichochomwa zeituni, pilipili ya kijani iliyolowekwa kwenye siki, na anchovi, jamaa wa dagaa wetu wa baharini. Zeituni zinatoka kusini mwa Hispania, pilipili asili yake ni bara la Amerika, na hata anchovi, aliyevuliwa hapohapo, ana habari yake. Wabaski wa zamani walimla akiwa ametoka tu kuvuliwa au wakamfanya chambo. Waliowafundisha kumpanga kwenye mapipa kwa chumvi, kumwacha aive kwa miezi, kisha kumsafisha na kumtia katika mafuta, ni Waitaliano, wengi wao Wasisilia, waliofika pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 wakitafuta samaki. Walifungua viwanda Getaria, Ondarroa na Bermeo, wengine wakaoa na kubaki. Kazi ya kumtoa miba na ngozi ilikuwa, na bado ni, ya mikono ya wanawake.

Orio, mwendo mfupi magharibi, ndipo hadithi ya nyangumi ilipokomea. Mei 14, 1901, nyangumi mmoja alionekana mbele ya mji. Wavuvi waliingia mashuani, wakamuua kwa chusa na baruti. Alikuwa wa mwisho wa jamii yake kuwindwa na Wabaski katika pwani hii. Leo nyangumi wa aina hiyo waliobaki Atlantiki ya Kaskazini hawafiki 400, na wanaishi upande wa Amerika ya Kaskazini.

Baada ya Zarautz barabara inabanwa kati ya jabali na mawimbi hadi Getaria, mji mdogo uliozaa watu wawili wakubwa. Mmoja ni Cristóbal Balenciaga, mshonaji wa karne ya 20, mtoto wa mvuvi na mshona nguo. Mwingine ni Juan Sebastián Elcano. Magellan, mkuu wa msafara aliokuwamo, aliuawa Ufilipino mwaka 1521, na hatimaye ni Elcano aliyeiongoza merikebu Victoria kurudi nyumbani. Ilifika Hispania Septemba 6, 1522, ikiwa na watu 18, ya kwanza kuizunguka dunia. Aliikata Bahari ya Hindi upande wa kusini, akiikwepa pwani yetu ya Afrika Mashariki kwa kuwaogopa Wareno, akazunguka Rasi ya Tumaini Jema na mabaharia wakifa kwa njaa. Shehena yake ilikuwa karafuu kutoka Tidore, katika visiwa vya Maluku, na thamani yake ilitosha kulipa gharama za msafara mzima. Zao hilohilo, lenye asili ya visiwa hivyohivyo, lilipandwa Unguja takriban miaka 300 baadaye.

Karafuu haikuingia katika mapishi ya Getaria. Hapa hupikwa samaki kwa makaa, nje, kando ya mtaa, na moshi ndio tangazo la mgahawa. Samaki bapa aitwaye rodaballo huwekwa mzima kwenye kibanio cha chuma, hunyunyiziwa mafuta na siki, basi. Mswahili aliyezoea samaki wa kuchoma atajisikia nyumbani, ila ataulizia ndimu na pilipili.

Kati ya hapo na Bermeo ziko Zumaia na majabali yake ya tabaka, Ondarroa na Lekeitio, na ndani kidogo Gernika. Aprili 26, 1937, siku ya Jumatatu ambayo ni siku ya soko, ndege za Ujerumani na Italia zilizokuwa zikimsaidia Jenerali Franco katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania ziliulipua mji huo. Soko la Jumatatu linaendelea, na pilipili ndogo za kijani za kukaanga zinazouzwa pale zina jina la mji.

Bermeo ni bandari ya watu wa kazi. Agosti 1912 dhoruba ya ghafla ilizikuta mashua baharini, na zaidi ya wavuvi 140 wa pwani hii wakafa, wengi wao wa mji huu. Kila kiangazi boti za hapa hufuata jodari mweupe katika Ghuba ya Biscay na kumvua kwa ndoana, mmoja mmoja. Humpika na viazi na pilipili nyekundu katika chungu kimoja, kama walivyofanya mabaharia melini, na mji unajisifu kwa uvuvi huo usioharibu.

Lakini utajiri wa jodari wa Bermeo una upande mwingine. Tangu miaka ya 1980 meli zake kubwa za nyavu za kuzungushia zinavua katika Bahari ya Hindi, zikitumia bandari ya Victoria, Ushelisheli. Mwaka 2009 meli moja ya hapa, Alakrana, ilitekwa na maharamia wa Kisomali pamoja na watu wake 36 kwa siku 47. Meli hizo hutegemea maboya yanayoelea ambayo samaki hukusanyika chini yake, na nyavu hubeba pia jodari wadogo ambao hawajazaa. Ndoana kwao, nyavu kwetu: kwa maoni yangu hiyo si haki, na msafiri wa Afrika Mashariki atakayekaa kula Bermeo anayo haki ya kuwauliza wenyeji wake juu yake. Februari 2023, mjini Mombasa, Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi ilipitisha kwa kura kwamba maboya hayo yasitumike kwa siku 72 kila mwaka. Umoja wa Ulaya uliweka pingamizi, nchi nyingine kadhaa zikafanya vivyo hivyo, na kwa kanuni za tume hiyo anayepinga hafungwi na uamuzi.